Bibi Kankindi wa Kwenye Kitabu

Kabanga, Ngara
12 Machi 1978

Kwa binamu yangu Emilian, mwandishi wa kujiteua,

Salamu nyingi, ingawa huzistahili. Sisi hapa hatujambo. Alfonce bado yuko pale mpakani, anapekua magunia ya watu mchana kutwa na jioni ananiletea vumbi la Burundi ndani ya nyumba. Mtoto ameota jino na ameshaniuma nalo. Mama yangu, yaani shangazi yako, anakusalimu na anauliza kama siku hizi unaoga. Mfikishie Bibi Kankindi shikamoo yangu. Mwambie mjukuu wake aliyemlea bado anamkumbuka.

Sasa mswada wako. Umefika ukiwa umelowa kona moja, na kona hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote kwa kuwa haikusomeka. Unasema ni kitabu cha watu wazima walioanza kujua herufi, kinaitwa Bibi Ahamia Kijijini, na bibi mwenyewe ni bibi yetu yuleyule, aliyepakiwa kwenye lori mwaka wa sabini na nne pamoja nanyi nyote, kutoka kule juu kwenye migomba mpaka kwenye hicho kijiji chenu cha nyumba zilizopangwa mstari kama watoto wanaosubiri viboko. Unasema kamati ya vitabu imeyapitisha maneno, sasa inataka picha kumi, na zikipendeza mchoraji atapewa vitabu vingine vyote vitakavyofuata. Hapo tu ndipo nilipokaa vizuri. Miaka yote hii nachora mabango ya kipindupindu na ya choo cha shimo. Natamani kabla sijafa nichore mtu ambaye haendi chooni.

Lakini Emilian, umeandika nini? Ukurasa wa tatu Bibi anashuka kwenye lori akicheza ngoma. Bibi yupi? Hata kwenye harusi ya baba yako hakucheza. Alikaa na kiko chake akawataja kwa majina waliokuwa wanacheza vibaya. Ukurasa wa sita anamwambia jirani, "Ndugu, tushikamane kwa maendeleo." Bibi yetu hajamwita mtu ndugu tangu azaliwe. Mimi alikuwa ananiita kunguru, wewe alikuwa hakuiti kabisa, anakutupia gunzi akikuona unakuja. Mtu anayesoma kitabu chako atadhani bibi huyo alizaliwa ofisini na akanyonyeshwa na katibu kata.

Hata hivyo nitachora. Unajua ninavyofanya kazi: siwezi kumchora mtu kabla sijajua amekaa juu ya nini. Naanza na kilicho chini yake, kisha mgongo, kisha mikono, uso unakuja wenyewe mwishoni. Kwa hiyo niandikie. Bibi siku hizi akipika anakaa wapi? Mlango wake unatazama wapi? Na mafiga yake mliyaweka upande gani? Usiniambie mlimpa mengine. Unajua kama mimi kwamba kwetu mwanamke hajahama mpaka mafiga yake yahame, hata kama kitanda, mbuzi na mume vimeshatangulia.

Jibu upesi, na uandike kwa herufi za mtu aliyesoma.

Ni mimi ninayekuzidi sura na akili,
Eustakia


Nyantakara, Biharamulo
16 Aprili 1978

Kwa Eustakia, bingwa wa kuchora vyoo,

Pokea salamu za ujenzi wa taifa. Mimi na Clotilda na watoto tu wazima. Pamba imeota vizuri, mvua si haba. Shangazi mwambie naoga kila ninapopata barua yako, kwa kuwa baada ya kuisoma mtu hujihisi mchafu.

Kwanza nikujulishe kwamba barua zetu sasa zinapokelewa ofisi ya kijiji. Tumeletewa karani mpya, mtu msomi na mwenye bidii sana. Husoma barua zilizofunguka na pia ambazo hazijafunguka. Namsalimu hapa, kwa kuwa najua ameshafika mstari huu.

Kuhusu maoni yako juu ya maandishi yangu, sikukuomba. Kamati imeyasoma ikayapigia makofi, na ndani ya kamati hiyo kuna watu waliofika vyuo ambavyo wewe ungepelekwa kufagia tu. Mchoraji kazi yake ni kufuata maneno. Penye ngoma chora ngoma. Penye furaha chora meno. Utangulizi nimeshauandika, nimeeleza kwamba bibi huyu si wa kubuni, ni bibi yangu mzaa baba na yu hai. Jambo hilo liliwafurahisha mno.

Umeuliza anakaa juu ya nini. Mchore amekaa juu ya kiti. Mlango mchore popote. Mafiga ni mawe, na mawe yamejaa nchi nzima.

Bibi yupo.

Binamu yako anayekuvumilia,
Emilian


Kabanga
7 Mei 1978

Kwa Emilian, mtu wa kiti,

Hatujambo. Mtoto ana mafua, Alfonce ana mafua, mimi ndiye pekee mwenye pua inayofaa kazi. Mpe Clotilda salamu na pole zangu za kuolewa. Karani naye nimsalimu, maskini, kwa kuwa kazi ya kusoma maandishi yako inahitaji mshahara mkubwa kuliko anaopata.

Mpelekee Bibi shikamoo nyingine. Nilimtumia moja mwezi wa tatu. Marahaba yake haijafika. Uliipoteza njiani au uliila?

Kiti! Nimelisoma neno hilo kwa Alfonce akacheka mpaka akakohoa. Bibi Kankindi kwenye kiti, na mgongo ameegemeza, kama anasubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Mtu aliyelelewa ndani ya nyumba ile anawezaje kuandika neno hilo na mkono usimsute?

Na mafiga kwako ni mawe tu. Basi nikukumbushe, kwa kuwa kamati imekufuta ubongo. Moja ni jekundu, babu alilibeba begani kutoka mtoni wiki aliyomwoa. La pili lina kichwa bapa, hapo ndipo Bibi anapogongea kiko chake kumwaga majivu, pamekuwa pa kung'aa. La tatu lina ufa, na ndani ya ufa huo wewe ulificha karanga za wizi, zikaungua, ukalia. Hayo ndiyo mawe ambayo yamejaa nchi nzima.

Nimekuuliza maswali matatu ya kitoto. Nijibu. Anakaa wapi, mlango unatazama wapi, mafiga yako wapi? Au kwa sababu umekuwa mwandishi huingii tena jikoni kwa bibi yako?

Eustakia, ambaye huingia jikoni


Nyantakara
23 Julai 1978

Kwa Eustakia msumbufu,

Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa kwenye mavuno. Clotilda alikatwa na jembe mguuni, sasa anatembea. Wote wazima.

Sikia. Mchore bibi yeyote. Mpe uso wa mwanamke wa sokoni kwako Kabanga, mzee yeyote mwenye mikunjo, haina haja afanane. Nyuma yake chora nyumba za mstari na bendera. Usichore kitu kingine chochote nyuma yake.

Na picha uzitume kwangu kwanza. Nitazikagua mwenyewe kabla hazijaenda kwenye kamati. Narudia ili hata kichwa kama chako kielewe: kwangu kwanza.

Bibi yupo.

Emilian


Kabanga
20 Agosti 1978

Kwa Emilian, mkaguzi mkuu wa picha asiyejua kuchora hata duara,

Salamu kwenu. Huku ni kiangazi, vumbi limeingia mpaka kwenye wino. Mama amepona kifua. Shikamoo ya tatu hii kwa Bibi. Nyingine mbili naona umezifungia kabatini.

Kazi imekwisha. Nilichora kwa kalamu ya kuchovya na wino mweusi, karatasi nimezibandika ukutani mwa darasa ninalofundisha, jioni watoto wakishaondoka. Tisa kati ya picha hizo ni kama ulivyoagiza: bendera, nyumba za mstari, watu wenye meno kama farasi wa serikali. Nilizichora kwa mkono mmoja huku nasonga ugali kwa mwingine. Zimetoka mbaya sawasawa na maneno yako, kwa hiyo vinapatana.

Lakini ya ukurasa wa tisa, ambapo umeandika kwamba Bibi anapika chakula cha jioni, hiyo nilijichorea mwenyewe. Nilikusubiri unijibu, hukujibu, nikafumba macho nikarudi kule juu. Kwanza nilichora sakafu. Kisha kigoda chake kilichopinda. Kisha mafiga yote matatu, lile lenye ufa nikaliweka mbele. Yeye ameinama kidogo, kiko mkono wa kushoto, anakitazama chungu kwa ile dharau yake, kana kwamba maharage yamemkosea adabu. Na mlango uko wazi, na mlangoni unaonekana mwamba uliopasuka katikati, kama ulivyoonekana sisi tulipokuwa tunakula. Emilian, ni yeye. Uso ulikuja wenyewe. Mama yangu alipouona alikaa chini. Katika maisha yangu sijafanya kitu kizuri kama hicho, na sitasubiri mtu mwingine aniambie.

Najua hapo kijijini mwamba huo hauonekani. Sijali. Kitabu chako kina uongo wa kutosha, kinaweza kubeba ukweli mmoja mlangoni.

Uliniambia nizilete kwako kwanza. Nilisikia, hata kichwa kama changu kilisikia. Nimezituma moja kwa moja kwa kamati, kwa basi, kwa jina langu, kwa sababu zikipita mikononi mwako utamwekea kiti.

Eustakia, mchoraji


Nyantakara
22 Oktoba 1978

Ndugu Eustakia,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini wewe, ndugu Alfonce, shangazi na mtoto mu wazima. Sisi hatujambo.

Kamati imepokea picha zako na imezisifu, hasa ya ukurasa wa tisa. Mwenyekiti wa kamati, ambaye mwaka wa sabini na nne alisimamia malori ya Operesheni Vijiji upande wetu, aliitazama kwa muda mrefu. Ameutambua mwamba. Ameuliza kwa nini kitabu cha kijiji kipya kinaonyesha mahame ya kule juu. Ameuliza tena kama mchoraji amefika huko siku za karibuni, na kama kuna moshi.

Kwa kuwa utangulizi unasema bibi yu hai, atakuja mwenyewe Nyantakara mwezi ujao kumsalimia, na atakuwa na picha hiyo mkononi.

Nakushukuru kwa kazi yako nzuri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Emilian


Kabanga
19 Novemba 1978

Emilian,

Nani amekufa?

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta tusi. Nimeigeuza nyuma. Wewe ni mtoto wa mjomba wangu, mimi na wewe mila imetupa ruhusa ya kutukanana mpaka kaburini na kuendelea kaburini, halafu unaniita ndugu na kunishukuru? Ungenitemea mate ningelala vizuri zaidi. Sijui nimefanya nini, lakini naona ni kikubwa.

Habari za vita unazo, redio ni moja. Malori yote ya huku yamechukuliwa, basi linaishia Nyakanazi likiamka vizuri, na lisipoamka haliishii popote. Watu wanapita na magodoro vichwani kutoka kaskazini. Huyo nduli kule Uganda sina matusi ya kumtosha. Ningekuwa nayo ningekuachia wewe machache.

Alfonce hayupo nyumbani. Usiniulize zaidi ya hapo.

Bibi yuko wapi? Usiniandikie kwamba yupo. Hata jiwe lipo. Niandikie kwa mkono wa mtu kama posta inakuziba mdomo, na unitukane, nijue bado uko upande wangu.

Eustakia


Nyantakara
28 Januari 1979

Eustakia,

Barua hii inaletwa na Anastazi, dereva wa lori lililobaki la pamba. Haijapita ofisini. Ukishaisoma ichome.

Natumaini Alfonce ameandika. Hujasema alikokwenda lakini najua, kwa kuwa na huku wamewachukua wa rika lake. Tunamwombea kila Jumapili.

Bibi hayuko kijijini. Hajawahi kuwa kijijini. Siku ile ya malori alishushwa, akalala kwenye nyumba aliyopewa, asubuhi akawasha kiko akasema hapa hapana mafiga yake, akarudi kwa miguu. Nyumba za kule zilishaezuliwa na kuchomwa. Alijifunikia kibanda palepale penye sakafu ile, kwa majani ya migomba na miti, mlango uleule ukitazama mwamba uleule. Tukamfuata kumrudisha. Akatuangalia kama anavyoyaangalia maharage. Tangu hapo kijiji kizima kinajua na kijiji kizima kimenyamaza. Chumvi tunampelekea kwa zamu. Hata mwenyekiti wetu wa kijiji humpelekea tumbaku na kusema ni ya mke wake. Nyumba yake ya hapa ina mlango na kufuli, na jina lake liko kwenye orodha ya waliohamia. Tunachoogopa sisi si watu, ni karatasi.

Sasa nikwambie kuhusu kitabu. Ulikicheka, na ulicheka vizuri, Clotilda alikariri sehemu zako. Unadhani mimi sijui kwamba Bibi hachezi ngoma? Unadhani nilisahau gunzi? Nilimwandika akicheza ili mtu wa wilayani akitajiwa jina la Kankindi aseme, huyo tunamjua, yuko kijijini, yumo kitabuni. Nani atakwenda kumtafuta porini mtu aliyekwisha kumsoma akiwa kijijini? Ngoma ile uliyoitemea mate ndiyo ilikuwa uzio wake. Niliusuka kwa maneno mabaya kwa kuwa maneno mabaya ndiyo wanayoyaamini. Kosa langu ni ule utangulizi, nilijisifu nikavuka mpaka. Lakini uzio ulisimama. Wewe ukachora mlango.

Mwenyekiti wa kamati angekuja Novemba, vita ikalichukua gari lake. Alikuja Desemba kwa gari la misheni. Tulimweka Nyirabahizi, mjane wa nyumba ya tatu, ndani ya nyumba ya Bibi. Aliitikia marahaba kwa kila mtu, akacheza na ngoma bila kuombwa. Mwenyekiti akaitoa picha yako, akamtazama Nyirabahizi, akaitazama picha. Akasema, "Huyu siye."

Nikamjibu kwamba mchoraji ni binamu yangu, hajui kuchora, nilimpa kazi kwa huruma. Sikuwa na neno lingine karibu. Hakuniamini. Anasema mtu asiyejua kuchora hawezi kuupata mwamba ule ufa kwa ufa. Anataka barua ya mchoraji mwenyewe, kwa mkono wake, ieleze bibi huyu ni nani na mwamba huu ni wa wapi. Asipoipata, siku akirudishiwa gari atakwenda mpaka kwenye mwamba, na atakachokikuta atakiezua na kukichoma, na Bibi atapakiwa tena. Wakati ule alikuwa na nguvu za kurudi. Safari hii akishushwa kwenye lori hataondoka tena mahali aliposhushwa.

Najua nakuomba nini. Umesifiwa. Wameshasema vitabu vingine ni vyako. Ukiandika kwamba hujui, hutapewa hata bango la choo.

Amua mwenyewe. Sitakulaumu, na kwa hilo uone jinsi nilivyochoka.

Emilian


Kabanga
4 Machi 1979

Emilian,

Anastazi amekubali kukuletea hii mkononi. Kwanza habari za nyumbani. Alfonce ameandika kutoka hospitali ya Bukoba. Mguu una jeraha la risasi, mdomo mzima, kwa kuwa ukurasa wote analalamika uji. Nimelia nikamaliza, sasa naweza kumdharau kwa amani.

Nimemwandikia mwenyekiti wako. Niliandika mara moja tu, kwa kuwa ningerudia kuisoma ningeichana. Nakunakilia, usije ukasema tofauti:

"Ndugu Mwenyekiti, kuhusu picha ya ukurasa wa tisa. Mimi ni mwalimu wa kazi za mikono, uchoraji sikuusomea. Mwanamke wa kwenye picha ni muuza tumbaku wa ng'ambo ya mpaka niliyemwona sokoni Kabanga. Nilikopa uso wake kwa kuwa nyuso za kubuni zinanishinda. Mwamba ni wa huku Ngara, ambako miamba iliyopasuka ni mingi. Niliuweka mlangoni kwa kuwa sikujua cha kuweka. Kama unafanana na mwamba mwingine, ni kwa sababu sijui kutofautisha mwamba na mwamba. Bibi wa mwandishi sijamwona tangu nilipokuwa msichana, na sura yake nimeisahau. Mwandishi alinionya nisichore kitu nyuma ya bibi, nikakaidi. Naomba kitabu kisihukumiwe kwa udhaifu wa mkono wangu. Picha zangu zote ziondolewe, kazi apewe mtu anayejua."

Umeona pale niliposema sura yake nimeisahau? Mengine yote yalitoka upesi, hata nilianza kuyafurahia, maana kumtukana mtu ni kazi ninayoiweza hata mtu huyo akiwa mimi. Hapo nilikaa mchana kutwa na kalamu imekauka. Kisha nikaandika.

Ulisuka uzio na hukuniambia kwamba ni uzio. Hilo nakulaumu na nitakulaumu mpaka uzeeni. Mimi nilijua kila jiwe la nyumba ile na sikujua kwamba kuna mtu amekaa juu yake. Hilo najilaumu mwenyewe, na sitalitaja tena.

Shikamoo kwa Bibi. Nimeacha kuhesabu.

Sasa nitukane.

Eustakia


Nyantakara
17 Juni 1979

Kwa Eustakia, mchoraji mbaya kuliko wote, aliyethibitishwa kwa muhuri,

Salamu kutoka kwa watu wenye vipaji. Hatujambo kabisa. Vita imekwisha, Anastazi amepaka lori lake rangi mpya, Clotilda ana mimba na anasema mtoto akifanana na wewe atamrudisha. Alfonce mwambie karibu nyumbani na pole, si ya mguu, ya mke.

Kamati ilikutana. Imekubali kwa kauli moja kwamba hujui kuchora. Nilikuwepo. Sijapata kuwaona watu wazima wakifurahi namna ile. Kila mmoja alisimama akaeleza kasoro aliyoigundua tangu mwanzo. Mmoja alisema mafiga yako ni mabaya, hayakai hivyo. Mwenyekiti mwenyewe alisema alishangaa tangu siku ya kwanza kwamba mwamba unaweza kuchorwa vibaya kiasi hicho. Sasa amepewa kazi ya chakula cha watu wanaorudi kaskazini, ana magunia ya kuangalia, mwamba haumo. Picha mpya zimechorwa na mtu wa ofisi yao. Bibi amekaa kwenye kiti. Ana meno yote. Kitabu kitatoka mwezi wa nane na jina lako halimo popote, nilihakikisha.

Picha yako ya ukurasa wa tisa walinirudishia. Wameiandika katikati kwa kalamu nyekundu, "Haifai."

Jumapili baada ya misa niliikunja nikaiweka ndani ya shati, nikapanda kule juu. Bibi alikuwa anapika. Nilimpa. Alifuta mikono kwenye kanga kwanza, kisha akaishika kwa mbali, kisha kwa karibu, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Alitazama picha, akatazama mwamba, akatazama mafiga yake moja moja. Nilimwambia aliyechora ni nani. Akakaa kwenye kigoda chake akavuta kiko mpaka kikazima.

Halafu akasema, "Ndiye mimi. Pua ameikosea."

Akauliza hayo mekundu yanasema nini. Nikamsomea. Akauliza ni nani aliyeandika, ni yule wa malori? Nikasema ndiye. Akacheka, Eustakia. Mimi sijawahi kumwona akicheka hata siku nilipoanguka kisimani.

Nilitaka kuificha juu kwenye paa, nikamwambia iko siku itatolewa, watu waone. Akaniuliza kama mwandishi mzima sijajifunza kuogopa karatasi. Akaikunja mara mbili, taratibu, akaisukuma chini ya chungu, kati ya lile jiwe jekundu na lile lenye ufa. Iliwaka vizuri. Tulikula maharage hayo, chumvi ilikuwa imepungua kidogo, akanilaumu mimi.

Shikamoo zako zote nilikuwa nazifikisha, kila moja siku ileile ilipofika. Alizijibu zote. Sikuziandika kwa sababu ya karani, ambaye alikuwa anajua kwamba humu kijijini hakuna bibi wa kuitikia. Sasa karani amehamishwa, na Bibi ameniagiza nizilipe kwa mkupuo. Alikuwa amenisindikiza mpaka kwenye mwamba, amesimama palepale ulipopachora, kiko mkono wa kushoto.

"Mwambie kunguru marahaba," alisema. "Mwambie na zile nyingine zote, marahaba."

Binamu yako asiyekuonea huruma hata kidogo,
Emilian